Kilichomo Chini ya Kawa

Nimemwonea wivu jirani yangu kwa miaka kumi na tisa, na kwa muda wote huo hakuwa anajua kuandika hata jina lake. Nalisema mapema ili msomaji asije akadhani anasimuliwa na mtu mwenye moyo mweupe. Mimi ni mwalimu wa Bailojia. Nina stashahada, nina pia shahada niliyoisomea jioni baada ya kusahihisha madaftari ya watu. Yeye ni kungwi. Hapa mtaani kwetu Madale hakuna anayemwita kwa jina lingine. Ukishuka kwenye bodaboda pale njia panda ukasema unakwenda kwa Kungwi, hata muuza mihogo atakuonyesha geti la bluu, na akina mama watakukagua vidole wajue kama umeshavishwa pete.

Alizaliwa wapi sijui, wala sikuwahi kumuuliza. Watu husema alihamia huku juu akitokea Mbweni, ndugu walipogawana kiwanja cha familia na nyumba mpya zikaanza kuota. Nilipohamia mimi nilimkuta ameshakaa, na kwa kuwa nililelewa vizuri, nilikwenda kujitambulisha. Nikampa shikamoo, nikataja jina langu la kwanza na la ukoo, nikasema natokea Njombe, ni mwalimu. Alinitazama, akacheka mpaka akashika mlango.

"Marahaba. Karibu somo," akasema.

Nikajua nimeshaanza kuchekwa. Kwetu sisi somo ni kipindi: somo la kwanza Hisabati, la pili Kiingereza. Nikaona huyu mama wa pwani kasikia mwalimu, kaamua kunipa jina la kejeli. Tangu siku ile hakuniita vingine. Dukani ni somo, msibani ni somo, nikipita na mkoba wangu asubuhi ataniita juu ya ukuta, "Somo, unawahi?" Nami najibu kwa meno tu, nikiongeza mwendo.

Kazi yake ni kuwafunda wasichana wanaoolewa. Najua siku hizi kuna makungwi wa kukodi wanaokuja ukumbini na maikrofoni, wanasema maneno makali kwa saa moja, watu wanacheka, wanatunza, wanaondoka. Huyu si wa hivyo. Bibi harusi wake huenda kwake wiki sita, nyumbani, mkekani. Na chombo chake cha kufundishia ni kimoja: kawa kuukuu la ukindu, lile la kufunikia chakula, limeshonwa kwa uzi mwekundu pale lilipotatuka.

Mara ya kwanza kuliona likifanya kazi nilikuwa naanika nguo, na ukuta wetu wakati ule ulikuwa matofali manne tu. Alikuwa amepanga vitu mkekani: liwa, karafuu, chano, kisu, kitana, udi, mbuzi ya kukunia nazi na vingine. Akampa msichana muda wa kuvitazama, kisha akavifunika vyote kwa kawa.

"Haya. Kimo nini?"

Msichana akataja vitano, akakwama. Nilisubiri Kungwi afunue. Hakufunua. Alikaa akichambua mchele wake kwa utulivu, msichana anatazama juu, anauma mdomo, dakika zinakwenda. Mimi nina uzoefu wa darasani na nilihisi vibaya kwa niaba yake. Mwishowe msichana akasema, "Kitana." Kungwi akaitikia kwa kichwa. Kikafuata kisu, ikafuata mbuzi. Vikabaki viwili ambavyo msichana aliapa havikumbuki.

"Hivyo viwili ndivyo vyako vya leo. Kesho usije. Njoo keshokutwa."

"Bibi, keshokutwa si ntakuwa nimesahau kabisa?"

"Ndilo nitakalo. Ukija kesho utanirudishia maneno yangu yangali ya moto. Keshokutwa utakuwa umeanza kuyapoteza, utayatafuta mwenyewe, na ukiyapata hayatoki tena."

Nilicheka kimya kimya, nikabana kanga yangu kwenye kamba. Mimi niliyefundishwa chuoni kwamba mwanafunzi arudie leo, kesho na kesho yake asije akasahau, nikaona huyu anapoteza muda wa watu.

Lakini kuna jambo lililoanza kuniuma. Wanawake aliowafunda walikuwa wanarudi. Wanakuja na watoto wao wa miaka minane, miaka kumi, na wakikaa pale barazani kwake wanamtajia yote, kila kitu na mahali pake, wanaimba nyimbo zake ndefu bila kukosa ubeti. Mimi nikikutana na wanafunzi wangu Tegeta sokoni, mijitu mizima, wananikumbatia kwa furaha halafu wananiuliza, "Mwalimu, vile ulikuwaga unatufundisha nini?"

Nisiwe mchoyo wa ukweli: ana kasoro, na kasoro zake nimezikusanya kwa bidii. Huyu mwenye kukumbuka nyimbo za mabibi na mabibi huunguza wali mara mbili kwa wiki. Simu yake huitafuta huku ameishika. Sufuria yangu kubwa ameiazima na kuisahau mara nyingi hadi watoto wa mtaa wanaijua kwao ni pale. Anawafundisha wasichana uvumilivu wa ndoa, na yeye ameachika mara tatu, ukimuuliza atakwambia, "Ndiyo maana najua wapi panavunjika." Anakemea sauti ya juu kwa mwanamke, lakini singeli ikipigwa kwenye harusi ya jirani anafunga kanga kiunoni na kuingia katikati, na vijana wanampisha. Hana karatasi yoyote nyumbani isipokuwa kadi za harusi za wasichana wake, amezitia kwenye boksi la viatu. Hawezi kuzisoma. Anaijua kila moja kwa rangi na kwa harufu.

Na tuseme lingine. Nikisema hajui kusoma nasema kama wasemavyo watu wa shule. Juzuu anaisoma kila alfajiri, kwa sauti nzuri, na sauti hiyo inanifikia kitandani. Ni herufi hizi zetu ndizo hakuwahi kufundishwa. Siku moja aliniambia alipokuwa mtoto walimpeleka chuoni kwa maalimu, shule wakaenda kaka zake.

Alikuwa na mambo mengine ambayo nilidhani ni ushamba. Hakuonyesha jinsi ya kufanya kitu kabla mtu hajakiharibu kwanza. Msichana anafika siku ya kwanza, anaambiwa, "Pika wali wa nazi." Hajui. "Pika hivyo hivyo." Anapika uji. Kungwi anaula ule uji, taratibu, kisha ndipo anasema, "Sasa tazama." Nilimuuliza wakati mmoja kwa nini anawaaibisha watoto wa watu. Akanijibu kwamba mtu aliyekwisha kukwama ana mahali pa kuliweka jibu, na asiyekwama jibu linampita tu. Vilevile alichanganya mambo. Mchana mmoja utasikia upishi, wimbo, adabu ya kumpokea mkwe, kisha wimbo tena, kisha upishi ule wa wiki iliyopita. Mimi mwenye andalio la somo lenye mada kuu na mada ndogo, jambo hilo lilikuwa linaniwasha mwili. Na saa nane mchana wote wanalala, mwalimu na mwanafunzi, mkekani. "Kichwa nacho kina kazi zake," husema, "kiache kifanye."

Ubongo naujua, jamani. Nimeuchora ubaoni kwa chaki za rangi mara nyingi kuliko nilivyoichora ramani ya Tanzania. Naweza kueleza jinsi chembe moja inavyoipelekea nyingine habari, na jinsi njia inayopitwa mara kwa mara inavyozidi kuwa nyepesi kupitika. Nilikuwa nasema hayo, wanafunzi wanaandika, nafuta ubao, naingia mada inayofuata. Haikunijia hata siku moja kwamba yale niliyokuwa nayaeleza yalikuwa yakifanyika upande wa pili wa ukuta wangu, kwa kawa.

Sasa nije kwenye kilichonifanya nimchukie kabisa, maana mpaka hapo nilikuwa na kijicho cha kawaida tu cha ujirani.

Binti yangu, Upendo, ndiye mtoto wangu pekee. Alikuwa mwaka wa pili chuo cha uuguzi. Baba yake amehamishiwa kazi Dodoma, hivyo nyumbani tulikuwa wawili. Matokeo yakatoka, Upendo ana sapu, mtihani wa marudio, na somo lenyewe ni la viungo vya mwili na kazi zake. Somo langu mimi. Akiufeli tena angedisko, chuo kingemwondoa, na ndoto ya uuguzi aliyoanza nayo tangu akiwafunga bandeji wanasesere ingeishia hapo. Alikuwa na wiki saba.

Nilianza kumfundisha mwenyewe. Nilimpangia ratiba ukutani. Nilimwekea beseni la maji baridi atie miguu asisinzie, kama tulivyofanya sisi enzi za bweni. Alisoma sura ile ile mara tano, akaipaka kalamu ya njano mpaka pasipopakwa pakawa pachache. Kitabu kikiwa wazi mbele yake alinieleza figo kama mtangazaji. Nikaridhika. Nikamtungia jaribio la maswali kumi, nikaondoa kitabu mezani, akapata mawili.

"Lakini mama, nilikuwa naijua," akasema, na machozi yakamtoka. "Nikiiona naijua."

Nilimwambia hasomi kwa moyo. Ndivyo nilivyomwambia, na sijivunii.

Baada ya siku hiyo akawa mpole kupita kiasi. Beseni alikuwa anamwaga mwenyewe, analala mapema, na mimi nikidhani amekata tamaa. Halafu nikaanza kuona kwamba nikirudi shuleni Jumanne na Ijumaa hayupo nyumbani. Ijumaa moja nikamwona kwa macho yangu anaingia geti la bluu, kanga mbili kwapani.

Mtu wa huku angefikiri nini? Msichana wa miaka ishirini na mbili, anakwenda kwa Kungwi kwa kuibia, amebeba kanga. Nilihesabu haraka haraka: kuna mwanamume, kuna posa iliyopitia mlango wa nyuma, chuo kimeshaachwa, na mimi mama mzazi nitaletewa kadi kama mgeni mwalikwa. Nikampigia baba yake. Akasema, "Mwache kwanza, umuulize taratibu." Sikumsikiliza. Jumanne iliyofuata niliomba ruhusa shuleni, nikapanda mlima wetu kwa miguu, nikasukuma geti bila hodi.

"Mwanangu anaolewa na nani?"

Walikuwa mkekani. Upendo alikuwa amekunja miguu, kanga moja ameitandika, nyingine kajifunga. Mbele yao kawa. Kungwi alinitazama kama mtu anayemtazama kuku aliyeingia ndani.

"Somo, hujabisha hodi."

"Nimeuliza anaolewa na nani."

"Kwa taarifa niliyonayo, na figo," akasema. Akalifunua kawa. Chini yake palikuwa na daftari la Upendo, limefunguliwa kwenye mchoro wa figo. Akalifunika tena. "Kaa. Mwali, endelea. Ulifika wapi?"

Upendo akawa anataja sehemu moja moja, damu inaingia wapi, inapita wapi. Alikuwa anataja vizuri. Akafika kwenye kile kifundo cha vimishipa ambako damu huchujwa, na jina likamgoma. Akafumba macho. Kungwi kimya. Upendo akagusa paji la uso. Kungwi kimya. Sikuweza. Nikalitaja lile jina mwenyewe, kwa sauti ya darasani.

Kungwi akageuka. Hakukasirika, na ningependa angekasirika.

"Lilikuwa linakuja," akaniambia. "Lilishafika hapa mlangoni. Umempora."

Nilikaa pale saa nzima kwa sababu nilikosa namna ya kuondoka. Nikagundua kwamba Kungwi hakuwa anajua lolote kuhusu figo, na hilo ndilo alilokuwa analitumia. "Nifundishe mie nisiyejua," ndivyo alivyokuwa akimwambia, na kila Upendo akimweleza, yeye anauliza kwa nini. Damu inachujwa kwa nini? Ikishachujwa inakwenda wapi? Mwishowe akanyoosha mkono jikoni akaleta kifumbu, kile kimfuko cha kukamulia nazi.

"Basi hilo figo ni kifumbu."

"Eeh, bibi. Ni kama kifumbu."

"Kwenye kifumbu, tui linapita, chicha inabaki ndani. Nitakacho ni kile kilichopita. Kwenye figo, kizuri ndicho kilichopita au kilichobaki?"

Upendo akafungua mdomo, akaufunga. Nami nikafungua, na safari hii nikajiziba kwa mkono. Ilichukua muda. Nilimwona mwanangu anafikiri, kitu ambacho katika wiki zile tatu za ratiba yangu sikuwa nimekiona usoni mwake. Akasema pole pole kwamba ni kinyume, kwamba damu iliyobaki ndiyo inayotakiwa na kilichopita ni cha kumwagwa. Kisha akasita, akasema hapana, si chote, maana katika kile kilichopita mna vizuri pia, na mwili unavifuata njiani unavirudisha.

"Aa," akasema Kungwi, ameridhika. "Basi ni mjanja kunishinda. Mie tui likishapita silirudishi."

Nimefundisha figo miaka mingi. Sikuwahi kuuliza swali lile, na hakuna mtihani wangu uliopata jibu kama lile. Nilirudi nyumbani nikafunga mlango wa chumbani nikalia, na sikulia kwa furaha. Nilikuwa nasema peke yangu, hata jina la kifundo chenyewe hawezi kulitamka.

Mtihani ukafika. Siku ya matokeo nilikuwa nyumbani, nina homa kidogo, nimelala. Nikasikia vigelegele upande wa pili wa ukuta. Virefu, vya pumzi tatu, kisha mikono inapigwa. Niliketi kitandani. Hakukuwa na harusi kwake siku hiyo. Ndivyo nilivyojua kwamba mwanangu amefaulu.

Upendo alisema alinipigia kwanza. Kweli nilipoitazama simu yangu niliikuta imeisha chaji. Naamini alinipigia. Lakini usiku na mchana niliisikia ile sauti ya vigelegele, na kila ilipokuja niliona kwamba mwanamke yule amenichukulia kitu ambacho kilikuwa changu peke yangu kukipokea. Sikwenda kumshukuru. Nilimtuma Upendo na kitenge.

Nilichokifanya baada ya hapo ni kibaya zaidi. Nilishuka Mwenge, nikapita kwenye maduka ya vinyago, nikanunua kawa. Lilikuwa la rangi tano, la kupambia ukuta, lakini niliona litafaa. Nikaliingiza kidato cha tatu. Wiki za mwanzo halikufanya kazi, kwa sababu nilikuwa nafunika vizuri ila siwezi kungoja. Mtoto akikwama nikimtazama tu ulimi unaniwasha, nataja mwenyewe. Ilibidi niwe naingia na punje za mahindi mfukoni, nahamisha moja moja toka kulia kwenda kushoto, na nisiseme neno mpaka ziishe zote. Nikaacha kurudia mada siku ileile. Nikachanganya maswali ya mwezi uliopita na ya leo. Darasa likabadilika. Mkuu wa shule akaja kukaa nyuma, akaitikia kwa kichwa. Nikaitwa kwenye semina ya walimu wa wilaya nikaeleze, nami nikaeleza, kawa mkononi, watu wanapiga picha. Mwalimu mmoja akauliza, "Mwenzetu, hii mbinu umeitoa wapi?"

"Nimeibuni mwenyewe," nikasema.

Ilinitoka kirahisi. Niliporudi jioni Kungwi alikuwa getini kwake, akaniona na kawa langu la rangi. "Somo, hilo la watalii. Halina hata kishikio," akasema akicheka. Nikapita kama sikusikia. Miaka sita imepita tangu siku hiyo na tulikuwa tunasalimiana vilevile, somo huku, shikamoo kule.

Upendo sasa ni muuguzi kwenye zahanati moja huko Tegeta. Kungwi anakwenda pale kila mwezi kuchukua dawa za presha. Kuna daftari la kusaini ukipokea dawa, na asiyejua kusaini huletewa kidau cha wino abonyeze dole gumba. Mwaka huu, baada ya mvua kubwa zilizokula barabara yetu, siku moja Upendo ndiye aliyekuwa dirishani. Akamfungulia kidau. Kungwi akauficha mkono wake ndani ya kanga.

"Mie nimemfunda huyu," akawaambia waliokuwa foleni. "Leo anishike dole? Nipe dawa, saini utaidai mwezi ujao."

Upendo alinisimulia huku anacheka. Mimi sikucheka. Nilijikuta nafurahi, ile furaha chafu, kwamba hatimaye kuna mlango mmoja ambao mimi ninapita na yeye hapiti.

Wiki tatu baadaye akaniita juu ya ukuta. Sauti yake siku hizi imepungua. "Somo, njoo. Njoo na kalamu yako nyekundu."

Safari hii nilibisha hodi. Alikuwa peke yake mkekani, amenyoosha mguu unaomsumbua, na kawa lile kuukuu lipo mbele yake, uzi mwekundu umeongezeka.

"Nilimwomba mwali, huyu mwanao, anichoree herufi zangu sita," akasema, "kila moja kikaratasi chake, anitajie inavyosema. Nikamwambia basi, niache nazo. Nimezitazama, nimezifunika, nimezilalia, siku nyingine naziruka. Leo nimeandika. Sitaki akague yeye, yule mwanafunzi wangu. Wewe ndiye mwalimu. Nikague."

Nikakaa. Miaka kumi na tisa, na hili ndilo jambo la kwanza aliloniomba. Nikafungua kifuniko cha kalamu. Nikalifunua kawa. Kulikuwa na karatasi ya daftari, na juu yake herufi sita kubwa, zimesimama vizuri, kila moja imekandamizwa kwa nguvu. Nikazisoma. Hazikusoma kitu. Nikazisoma tena.

"Mama, hili si neno," nikasema, na Mungu anisamehe, kulikuwa na utamu mdomoni.

Alichukua kawa akaifunika karatasi.

"Haya. Kimo nini?"

Akaanza kuchezea pindo la kanga. Nikaona nimewekwa mkekani kama msichana wa wiki ya kwanza. Nilitaka kusimama. Lakini herufi zilikuwa kichwani, nikazitaja moja moja, na nikawa nazigeuza kutafuta zilipoharibika. Macho yangu yakatua kwenye juzuu yake iliyokuwa juu ya mto. Juzuu huanzia mkono wa kulia. Huyu mama tangu akiwa mtoto hajawahi kuanza mstari upande mwingine. Nikaanza na ya mwisho, nikarudi nyuma.

"Umeandika jina langu," nikasema.

"Nimeandika langu."

Nikalifunua kawa, nikazisoma tena kutoka kulia. Yeye alikuwa ananingoja tu.

"Nyie wa bara mwasema wajina," akasema. "Sie twasema somo. Siku ile ulipokuja ukalitaja pale mlangoni nilifurahi mno, maana mtaa wote huu sikuwa na mwenzangu. Nikakuita somo, ukanuna. Nikasema ataniuliza tu kwa nini. Kazi yake si kuuliza?"

"Sikukuuliza."

"Hukuniuliza. Hata mwali alidhani wajua."

Nikamwambia basi habari ya semina. Nikamwambia kwamba waliniuliza na nilijibu ni yangu. Nilisema nikitazama mkeka. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na watoto wanakumbuka?"

"Wanakumbuka."

"Ulisema uongo, somo," akasema. "Siku ukirudi kwa hao walimu, uwaambie ni ya somo wako. Na kawa la Mwenge ulitie ukutani, ndiko lilikoshonewa. Nitakupa lenye kishikio." Kisha akasogeza karatasi na kalamu yangu nyekundu. "Sasa nionyeshe linavyokwenda kwa upande wenu. Mara moja tu."

Nikaliandika, kutoka kushoto, polepole, kama ninavyoliandika juu ya kila daftari nililowahi kuwa nalo. Alilitazama bila kupepesa. Kisha yeye mwenyewe akalifunika, akashika kalamu, akaanzia kushoto, upande wa ukuta wangu. Herufi ya kwanza ikakaa. Ya pili ikakaa. Kwenye ya tatu kalamu ikasimama hewani. Akafumba macho, akagusa paji la uso.

Nilikuwa naijua. Sikuwa na punje za mahindi mfukoni. Nikafunga mdomo, nikamngoja somo wangu.